Mbwa wa bandani anatokwa na udenda? Usiingize mkono mdomoni kwanza

Najua wengi mlikuwa mnasubiri mada ya chakula cha kuku wa nyama, hiyo inakuja. Leo naomba tuongelee wafanyakazi wawili ambao hawamo kwenye daftari lako la mishahara: mbwa anayelala mlangoni kwa banda, na paka anayelala stoo juu ya magunia ya pumba. Na katika hao wawili tuongelee mdomo tu. Meno na fizi.

Utacheka, utasema bwana mifugo leo kaishiwa mada. Subiri kwanza nikupe kisa.

Kuna kijana mmoja upande wa Mlandizi anafuga kuku wa nyama, kundi la 800 kila mzunguko. Siku moja saa kumi na mbili asubuhi akanipigia simu.

"Shikamoo bwana mifugo. Simba amekwamwa na mfupa. Mdomo umebaki wazi, udenda unamtiririka, anajikuna uso kwa miguu ya mbele. Nimejaribu kuutoa kwa mkono nimeshindwa. Niingize plaizi?"

"Marahaba mdogo wangu. Huo mkono ulioingiza una kidonda?"

Kimya kidogo. "Kuna mchubuko tu, waya wa banda ulinikwaruza jana."

"Na mbwa ana kadi ya chanjo ya kichaa?"

Hapo kimya kikawa kirefu. Simba alimnunua akiwa mkubwa tayari kwa jirani aliyekuwa anahama. Kadi hakupewa, na yeye hakuuliza.

Nikamwambia atoke, afunge mlango mbwa abaki ndani peke yake, mtu yeyote asimguse. Kisha aoshe mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, si kwa kukadiria, halafu aende hospitali siku hiyohiyo akaeleze kilichotokea. Mimi nilikuwa nakuja na daktari wa mifugo. Akaona nakuza mambo. "Lakini bwana mifugo, huu mfupa naugusa kabisa, ni mgumu!"

Hapa ndipo nataka tutulie kidogo.

Kwa nini nilimkatalia

Kichaa cha mbwa si lazima kiwe mbwa anayekimbia barabarani anauma kila kitu. Kuna sura nyingine ya ugonjwa huo: mbwa amepoa, misuli ya taya na koo imepooza, taya la chini linaning'inia, hawezi kumeza hata mate yake, kwa hiyo udenda unamwagika. Mtu yeyote akimwona anasema maneno yaleyale, amekwamwa na mfupa. Na mwenye mbwa kwa huruma yake anaingiza mkono kwenye mate yenye virusi.

Virusi hivyo havihitaji akuume. Mate yakigusa mchubuko, au yakikurukia jichoni au mdomoni, inatosha. Mate yanaweza kuwa na virusi siku kadhaa kabla mbwa hajaonyesha dalili yoyote. Na kwa binadamu, dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemea, karibu wote wanakufa. Ukiwahi sindano kabla ya dalili, unapona. Tofauti ni hiyo tu, kuwahi.

Sasa huyu Simba ilikuwaje? Daktari alimshika kwa ule mti wenye kitanzi, akamchoma dawa ya kumlaza, akavaa glovu na kufungua mdomo. Kweli kulikuwa na mfupa, kipande cha ubavu wa mbuzi kimekaa mshazari juu ya kaakaa, kimebanwa katikati ya magego ya kulia na kushoto. Kilikuwa pale siku nyingi, nyama ya chini yake ilishaoza, harufu usiseme. Na gego moja kubwa la juu lilikuwa limevunjika, mzizi una usaha.

Kijana akafurahi, akasema si nilikuambia! Daktari akamjibu kwamba kuona mfupa hakufuti kichaa. Mbwa asiye na chanjo anaweza kuwa na vyote viwili. Kwa hiyo kijana aliendelea na sindano zake na Simba alifungiwa siku 10 chini ya uangalizi. Kama mate yake yangekuwa na virusi siku ile alipoguswa, asingemaliza siku hizo akiwa mzima. Alimaliza salama.

Ila ndani ya siku hizo hizo wezi walipita. Kuku 63, zikiwa zimebaki siku mbili wapelekwe sokoni. Banda lililokuwa na mbwa wa kubweka lilikuwa kimya, na mtaa mzima ulikuwa unajua.

Kuna kisa kingine cha nyuma, nilipokuwa bado mgeni kazini, kijiji kingine kabisa. Udenda uleule, taya lilelile, mwenye mbwa na kauli ileile ya mfupa. Watu watatu wa nyumba ile walikuwa wamepokezana kumfungua mdomo. Mbwa akafa siku ya nne, sampuli ikaenda maabara, ikarudi na kichaa. Wale watatu wapo hai mpaka leo kwa sababu walikimbizwa kuchomwa sindano kabla hata majibu hayajatoka. Nikiweka picha ya mbwa yule na ya Simba pamoja, mimi mwenyewe siwezi kukuambia yupi ni yupi.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu, na siubadilishi. Mdomo wa mbwa unaukagua akiwa mzima. Siku anapobadilika ghafla, anatokwa na udenda, hali, sauti imekuwa ngeni, hapo wewe si wa kukagua tena. Mfungie, muite daktari. Na chanjo ya kichaa aanze akiwa na miezi 3, irudiwe kila mwaka, kadi uiweke panapowekwa risiti za vifaranga.

Kuna nini ndani ya huo mdomo

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, paka 26. Yanaanza kutoka wiki ya tatu hivi, na wiki ya nane mengi yapo tayari. Kati ya miezi 3 na 4 meno madogo ya mbele yanaanza kung'oka yenyewe na kupisha ya ukubwani. Chonge zinafuata kwenye mwezi wa tano au wa sita. Mpaka mwezi wa saba mbwa anatakiwa kuwa na meno 42 na paka 30.

Hii si hesabu ya darasani, ni hesabu ya sokoni. Ukiuziwa "mtoto wa miezi mitatu, anafundishika kirahisi" halafu unainua mdomo unakuta chonge nene za ukubwani zimeshasimama, umepigwa. Huyo amefika nusu mwaka au zaidi. Vilevile ukikuta chonge mbili zimepangana sehemu moja, nyembamba na nene, ujue la utotoni limegoma kutoka. Chakula kinanasa katikati na jino jipya linaota upande. Mpeleke kwa daktari alitoe mapema, usisubiri.

Na hapa niwaseme kidogo vijana. Ile OTC mnayochomea ng'ombe, msiwachome watoto wa mbwa wala jike mwenye mimba eti anakohoa. Dawa za jamii hiyo zinaingia kwenye jino linalojengeka na kuliacha na rangi ya njano au kahawia maisha yake yote. Nimeyaona meno hayo zaidi ya mara moja, na kila mara mwenyewe anasema mbwa kazaliwa hivyo.

Sasa ugonjwa wenyewe. Baada ya kula, ndani ya saa chache meno yanashika ukoga, ule utando laini ambao hata wewe unausikia kwa ulimi asubuhi. Ni bakteria watupu. Usipoondolewa, madini ya kwenye mate yanaugandisha ndani ya siku chache, unakuwa mgumu wa rangi ya kahawia, ndio ugaga. Juu ya ugaga ukoga mpya unashika vizuri zaidi, unateremka chini ya ufizi. Ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, unatoa damu. Mpaka hapo bado unaweza kurudi kama zamani ukisafishwa. Ukivuka hapo, mfupa unaoshika jino unaanza kuliwa, na mfupa huo haurudi. Mbwa na paka wengi wakifika miaka 3 tayari wana kiasi fulani cha tatizo hili. Ile harufu ya mdomo mnayoiita "harufu ya mbwa" ndiyo hiyo. Mbwa mwenye mdomo mzima hanuki hivyo.

Kumkagua, anza leo kama ni mdogo

Mtoto wa wiki nane au kumi hana ubishi. Kila jioni baada ya kuwalisha kuku, mkae pamoja dakika moja. Mguse mashavu, inua mdomo wa juu upande mmoja, kisha wa pili, mpe kipande cha chakula, basi. Huna haja ya kumpanua taya. Ukiinua mdomo tu unaona chonge na magego makubwa ya juu, na ndiko ugaga unakoanzia.

Mbwa mkubwa ambaye hajawahi kuzoeshwa usimvamie. Mpe wiki mbili tatu za kuguswa mashavu tu. Akinguruma, acha, rudi kesho. Mbwa mkali wa ulinzi ambaye hata wewe humshiki shingo, huyo mwachie daktari.

Wakati umeinua mdomo angalia na rangi ya fizi. Zinatakiwa kuwa za waridi. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi zilizopauka zinakuambia damu imepungua, fikiria kupe na minyoo. Zikiwa na rangi ya manjano, twende kwa daktari leo, si kesho. Mbwa wengi wetu wana fizi nyeusi za asili, hao watazame ndani ya kope la chini.

Fizi zinazovuja damu zina hadithi yake shambani. Inaweza kuwa ugaga tu. Inaweza kuwa ugonjwa wa kupe. Lakini kama wiki hiyo uliweka sumu ya panya, simama hapohapo. Sumu nyingi za panya za madukani zinazuia damu kuganda, na mnyama aliyekula chambo, au aliyekula panya aliyekula chambo, anaonekana mzima siku mbili tatu halafu anaanza kuvuja damu puani na kwenye fizi. Hiyo ina dawa yake, vitamini K1, ukiwahi. Nenda na pakiti ya sumu mkononi ili daktari ajue ni aina gani. Ndiyo maana nawaambia, stoo yenye paka mzuri usiiwekee sumu. Chagua kimoja.

Mswaki

Ndiyo, mswaki. Chukua mswaki laini wa mtoto, au kitambaa safi ukizungushe kidoleni. Piga upande wa nje wa meno tu, mkazo uwe pale jino linapokutana na ufizi. Upande wa ndani ulimi unasaidia. Kila siku ndiyo nzuri, ila ukifika mara tatu kwa wiki utaona tofauti. Huna dawa ya meno ya wanyama? Tumia maji matupu, au chovya kwenye supu ya dagaa isiyo na chumvi, ataupenda mswaki mwenyewe. Kinachoondoa ukoga ni kule kusugua.

Dawa ya meno yako usimpe. Yeye hatemi, anameza, na baadhi zina utamu unaoitwa zailitoli ambao kwa mbwa unashusha sukari ya damu ghafla na kuharibu ini. Magadi na chumvi navyo acha.

Ugaga ukishakuwa mgumu, mswaki hauwezi. Kuna fundi mmoja alinionyesha kwa fahari jinsi alivyokwangua meno ya mbwa wake kwa ncha ya msumari. Meno yaling'aa kweli. Lakini alikwaruza jino, na mikwaruzo inashika ukoga haraka kuliko mwanzo, halafu ule ugaga wa chini ya ufizi, unaoleta madhara hasa, aliuacha palepale. Kusafisha kwa uhakika kunafanywa na daktari, mnyama akiwa amelazwa kwa nusu kaputi. Mimi afisa ugani hiyo si kazi yangu, na anayekuambia atamng'oa jino mbwa wako chini ya mwembe akiwa macho, mshukuru, muage.

Mifupa na mizoga

Hapa najua tutabishana. Mbwa wetu wamekula mifupa tangu enzi za babu. Sawa, lakini babu hakuwa anahesabu magego yaliyovunjika. Mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha. Mifupa ya kuku ndiyo usitoe kabisa. Mifupa mizito ya miguu ya ng'ombe, kwato na pembe ni migumu kiasi cha kuvunja jino. Kipimo ninachotumia ni ukucha wa dole gumba. Ukikandamiza na hauachi alama yoyote, kitu hicho kitavunja jino. Kuna na mbwa wanaoshinda wametafuna mnyororo au wavu wa banda, ukiangalia chonge zao nyuma zimelika kabisa. Huyo hana tabia mbaya, amefungwa muda mrefu mno. Mfungulie usiku, na mchana mpe nafasi ya kuzunguka.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kuku waliokufa bandani kutupiwa mbwa. Nimelikuta kwenye mashamba ya watu wasomi kabisa. Unampa mifupa ya kuku, unampa na ugonjwa uliowaua hao kuku, halafu yeye anabeba kichwa anakwenda kukitafunia kwa jirani. Kama ni mdondo, umeshausambaza mtaa mzima kwa miguu minne. Mizoga ichimbiwe shimo refu au ichomwe.

Paka

Paka ni msiri. Jino linaweza kuliwa kuanzia kwenye shingo yake, pale ufizini, mpaka shimo lifike kwenye mshipa wa fahamu, na yeye bado anakuja kwenye sahani. Utaona vitu vidogo tu. Anatafuna upande mmoja, anadondosha chakula, anakimbilia sahani kisha anarudi nyuma kama kaungua, ameacha kujilamba manyoya. Stooni utaona dalili nyingine, magunia yameanza kutobolewa tena. Watu wanasema paka amekuwa mvivu. Kabla hujaleta mwingine, mshike kwa nyuma, kiganja juu ya kichwa, dole gumba na kidole kwenye mashavu, mwinulie pua juu kidogo na utazame fizi. Mstari mwekundu mkali pembezoni mwa meno ni maumivu.

Paka asiyekula siku mbili si wa kusubiri, ini lake linaweza kuharibika kwa kukaa na njaa tu.

Na tafadhali, dawa zako za maumivu zibaki zako. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumuua paka. Diklofenaki na ibuprofeni zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Ukiona uvimbe chini ya jicho la mbwa, usiseme kaumwa na nyuki ukamchoma antibayotiki mwenyewe. Mara nyingi ni mzizi wa lile gego kubwa la juu umetunga usaha. Sindano itashusha uvimbe, utafurahi wiki mbili, utarudi, kwa sababu jino bovu bado lipo.

Simba ndivyo ilivyokuwa, kijana alikumbuka baadaye kwamba miezi miwili nyuma jicho lilivimba, akachoma OTC, likapoa. Gego lile liling'olewa siku ileile ya mfupa. Sasa hivi anakula vizuri, ana kadi ya chanjo, na kijana amepanga ukaguzi wa mdomo Jumamosi, siku anayopima uzito wa kuku. Juzi kanitumia picha ya mdomo upande wa kushoto akiuliza kama ule weusi wa kwenye ufizi ni ugonjwa. Si ugonjwa, ni rangi yake. Nimemwambia atazame kope.